Kapeti Nalo Lataka Ufagio



Jumamosi iliyopita, saa saba mchana, nilikwenda kumtazama mpwa wangu akicheza mechi ya vijana kwenye uwanja mmoja wa nyasi bandia hapa Dar es Salaam. Jua lilikuwa la utosini. Kabla ya filimbi, timu zote mbili zilikuwa zimejibanza kwenye kivuli cha ukuta, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuingia. Kipa mmoja alikuwa na chupa kubwa ya maji. Nikadhani anakunywa, kumbe anamimina kwenye njumu zake. Kipindi chote cha kwanza alikuwa akirukaruka kwenye mstari wa goli kama mtu anayekanyaga majivu ya moto.

Baada ya mechi nikamuuliza kijana, vipi kule ndani? "Mjomba, ukianguka ndiyo utajua," akanionyesha goti, ngozi imekwanguka kama iliyopita kwenye mbuzi ya nazi. Tulipofika nyumbani akavua viatu barazani, akavikung'uta, zikamwagika punje nyeusi za mpira, kiganja kizima. Dada yangu akachukua ufagio bila kusema neno. Punje hizo anazikuta hadi kwenye mashuka.

Na bado kijana huyo, ukimpa achague kati ya uwanja ule na ule wa vumbi wa nyuma ya shule yao, atachagua ule wa kapeti bila kufikiri mara mbili. Hapo ndipo mjadala wa nyasi bandia na nyasi asilia unapokuwa mgumu.

Nyasi bandia tunazijua. Karume, pale Ilala, zipo. Nyamagana ya Mwanza na Kaitaba ya Bukoba, zipo. Serikali yenyewe, katika bajeti ya mwaka 2021/22, ilizisamehe kodi ya ongezeko la thamani pale zinapowekwa kwenye viwanja vya mpira vya majiji. Na viwanja vidogo vya kukodi kwa saa vimeota mijini kama uyoga. Anayesema ni kitu cha hovyo, huyo hajacheza mchangani: hajakimbilia mpira ukagonga jiwe ukamkwepa, wala hajacheza masika, maji yakiwa ya vifundoni, krosi ikipigwa inakwama njiani kama mtumbwi kwenye matope.

Kilichozipa nyasi hizi umaarufu nacho ni kisa. Mwaka 1965, mji wa Houston kule Marekani ulifungua uwanja wenye paa zima, Astrodome, wa mchezo wa besiboli. Paa lilikuwa la plastiki angavu ili jua lipite, nyasi ziishi. Wachezaji wakalalamika kwamba mng'aro wa jua unawapofusha, mpira wa juu hawauoni. Paa likapakwa rangi. Nyasi zikakosa jua, zikafa. Mwaka uliofuata wakatandika nyasi za plastiki za kampuni ya Monsanto. Kwa hiyo kapeti hili lilipata umaarufu mahali ambapo jua lilizibwa na binadamu mwenyewe. Sisi jua tunalo, hata la kugawa.

Tena tuna ukoka. Mkulima anaulaani shambani, maana ukiung'oa leo, keshokutwa umetambaa upya. Basi huo huo, pamoja na machotara wake, ndio unaopandwa kwenye viwanja vikubwa vya nchi za joto kwa jina la bermuda. Kile kinachomkera mkulima ndicho mtunza uwanja anachokitafuta: ukikanyagwa unalala, ukikatwa unatambaa, ukijeruhiwa unajiponya. Kapeti halijiponyi. Likichanika kwenye mshono, mpasuko unabaki mpaka aje mtu na gundi.

Lakini ukoka nao una kiasi chake. Uchezewe na timu nne kila siku, Jumatatu hadi Jumapili, na mwezi haujaisha utaona kipara mbele ya magoli yote mawili. Nyasi za kweli zinataka kupumzika. Nyasi bandia hazijui kuchoka kwa namna hiyo, na ndiyo maana shule au kata yenye uwanja mmoja na watoto mia tatu ina hoja nzito ya kuzitaka. Hapo mimi sibishani.

Kwenye viwanja vikubwa ndipo ninapobishana. Mwaka 2015 Kanada iliandaa Kombe la Dunia la wanawake, mechi zote 52 zikachezwa kwenye nyasi bandia. Kundi la wachezaji nyota lilikuwa limepeleka malalamiko kwenye baraza la haki za binadamu la Ontario, kwamba wanaume hawangewekewa hilo kamwe, kisha wakayaondoa mashindano yalipokaribia. Mshambuliaji wa Marekani, Sydney Leroux, alikuwa tayari ameonyesha dunia picha ya miguu yake iliyochubuka. Fainali ikachezwa Vancouver, uwanja wa BC Place, kwenye plastiki. Uwanja huo huo umo kwenye orodha ya Kombe la Dunia la wanaume la 2026, na safari hii sharti la FIFA ni nyasi asilia. Sina haja ya kuongeza neno.

Kuhusu majeraha, tusitiane hofu kupita kiasi. Utafiti wa Ekstrand na wenzake, uliochapishwa mwaka 2006, ulifuata klabu za Ulaya zilizokuwa zikichezea nyasi bandia. Kwa jumla haukukuta majeraha mengi zaidi, ila vifundo vya miguu viliteguka zaidi. Joto ndilo linalonitisha mimi. Vipimo vilivyofanywa Marekani siku za jua vimekuta uso wa kapeti ukizidi nyuzi 60. Ukilimwagia maji linapoa, kisha muda si mrefu linarudi palepale. Ratiba ya vijana ya saa saba mchana kwenye uwanja kama huo, jamani, ni ukatili. Ihamishwe jioni, haigharimu hata senti.

Wazungu wenyewe wanarudi nyuma. Ligi Kuu ya Uholanzi imepiga marufuku nyasi bandia kuanzia msimu wa 2025/26. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni ambayo, kufikia 2031, itakomesha uuzaji wa zile punje za mpira za kujazia, kwa sababu ni plastiki inayosambaa kwenye udongo na maji. Nauliza tu: punje zitakazokosa soko kule zitatafuta soko wapi?

Sasa mtu ataniambia, mtangazaji, hizo nyasi asilia unazozisifu si ndizo zilizotuaibisha? Kweli. Machi 2025 CAF iliufungia Uwanja wa Benjamin Mkapa kwa ubovu wa eneo la kuchezea. Ukafunguliwa, kisha mwezi Mei mechi ya marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba na RS Berkane, ikahamishwa kutoka kwenye uwanja wa watu elfu 60 kwenda Amaan, Zanzibar. Simba ilikuwa imefungwa 2-0 Morocco, inahitaji kila koo la Temeke nyuma yake. Ikatoka sare 1-1, kombe likaondoka. Sisemi nyasi ndizo zilizotunyima kombe. Nasema ule umati haukuwepo.

Wapo wanaoisingizia mvua, ila mvua ya masika haikuanza kunyesha Dar es Salaam mwaka 2025. Maji yakituama uwanjani, tatizo ni mifereji iliyo chini ya nyasi, mchanga ambao haukuongezwa, na mechi zilizorundikwa bila siku ya kupumzika. Hayo yote ni kazi ya mtu. Na hapa ndipo ninapowashuku wengi wanaokimbilia kapeti: hawanunui nyasi bandia, wananunua kisingizio cha kutomwajiri mtunza uwanja.

Nao wamedanganyika. Kapeti nalo linataka mtu. Punje zinakimbia kutoka kwenye alama ya penalti na kwenye kona, zinatakiwa kurudishwa na kusawazishwa kwa brashi kila wiki. Zikishindiliwa bila kutifuliwa, uwanja unakuwa mgumu kama sakafu ya saruji. Cheti cha daraja la juu la FIFA kinadumu mwaka mmoja tu, kisha uwanja unapimwa upya. Na hata ukilitunza kama mboni ya jicho, baada ya miaka minane hadi kumi kapeti limekwisha. Waulizeni Nairobi. Uwanja wa City, barabara ya Jogoo, ambao sasa unaitwa Joe Kadenge, uliwekewa nyasi bandia kwa msaada wa FIFA, watu wakashangilia. Zikachakaa, na wachezaji wakabaki wanaruka mashimo kwenye plastiki.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Uwanja wa kata na wa shule, wekeni bandia kama fedha ipo, lakini msiuzungushie ukuta na lango la kulipia, watoto wa mtaa wakabaki wanachungulia kwenye matundu. Viwanja vya Ligi Kuu na vya timu za taifa, tupande ukoka na tuutunze. Mwaka 2027 tunaandaa AFCON pamoja na Kenya na Uganda. Mtu mwenye mpira wa kumwagilia na mashine ya kukatia nyasi ana kazi kubwa kuliko mgeni rasmi yeyote.

Nawe msikilizaji, diwani wako akija na picha ya uwanja wa kijani kibichi, muulize mambo mawili: mshahara wa mtu wa brashi uko kwenye fungu gani, na mwaka wa tisa, kapeti likichakaa, nani atalipia jipya. Akikosa jibu, mwambie aanze na ukoka, bomba la maji, na mtu mmoja anayelipwa kila mwisho wa mwezi.