Vigawo vya namba 4,294,967,297

Namba 4,294,967,297 ni 2 kwa kipeo cha 32, ikaongezwa 1. Ni witiri, inaishia na 7, na jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3. Ukiitazama tu, huoni pa kuivunjia.

Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa, aliiamini kuwa namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Vipeo 1, 2, 4, 8 na 16 hutoa 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote tasa. Mwaka 1640 aliwaandikia wenzake kwamba mfululizo huo hautakatika, ingawa uthibitisho hakuwa nao.

Ulikatika papo hapo, kwenye namba ya sita. Mwaka 1732 Leonhard Euler, akiwa St. Petersburg nchini Urusi, alionyesha kuwa 4,294,967,297 ni 641 mara 6,700,417. Namba hizo mbili ni tasa, na vigawo vingine hakuna, ukiacha 1 na namba yenyewe.

Anayejaribu namba tasa moja baada ya nyingine ana safari ndefu, maana 641 ni ya 116 katika orodha yake. Lakini Euler huyohuyo alithibitisha baadaye kwamba kigawo tasa cha namba hii lazima, kikigawanywa kwa 64, kibakize 1. Sharti hilo linafagia karibu zote. Zinabaki 193, ambayo ikigawanya huacha baki ya 109. 257, inayoacha 2 tu. 449, inayoacha 325. 577, inayoacha 288. Kisha 641, isiyoacha kitu. Majaribio matano, kazi ya kalamu na karatasi.

La kushangaza ni kwamba kipimo cha kuikamata namba hii alikitunga Fermat mwenyewe, tena mwaka uleule wa 1640. Namba ikiwa tasa, basi namba yoyote isiyogawanyika kwayo, ikipandishwa kwa kipeo kilichopungua 1 kuliko hiyo tasa, kisha ikigawanywa kwa tasa hiyo, huacha baki ya 1. Kwa kutumia 2, namba 4,294,967,297 hupita kipimo hicho ikijifanya tasa. Kwa kutumia 3 huumbuka: 3 huzidishwa kwa yenyewe, jawabu nalo kwa lenyewe, mara 32, kila mara likibakizwa baki tu, na mwishoni haipatikani 1. Hesabu hiyo inachosha, lakini Fermat angeiweza.

Namba inayofuata katika mfululizo wa Fermat, yenye tarakimu 20, ilivunjwa na Mfaransa Landry mwaka 1880. Kigawo chake kidogo ni 274,177. Kuanzia ile ya Euler, namba 28 mfululizo zimethibitika kuwa si tasa. Namba tasa ya sita ya aina hii haijapatikana, wala hakuna aliyethibitisha kwamba haipo.