Choo Kinachotiririka Usiku Kucha

Mazungumzo ya fundi wa maji na wakazi katika baraza la mtaa, Nakuru



Leo nitaongea juu ya choo. Msicheke. Wengi wenu mmefika hapa mkiwa na bili mkononi, na nikimuuliza mtu kama choo chake hutiririka hata kabla hajavuta maji, hunijibu, "Hicho ndivyo kilivyo." Basi tufanye hesabu ndogo.

Tuseme kinavuja nusu glasi kwa dakika, kama mililita 125. Kwa saa moja ni lita saba na nusu. Kwa siku ni lita 180, yaani mitungi tisa ya lita 20. Kwa mwezi wa siku 30 ni lita 5,400. Yuniti moja ya mita ni lita 1,000, kwa hivyo umelipia zaidi ya yuniti tano ambazo hazijaosha hata kikombe. Na bei ya yuniti hupanda kadiri unavyotumia zaidi.

Tena maji haya hayatoki karibu. Mengine yanatoka Turasha kupitia Gilgil. Mengine yanavutwa kwa pampu kutoka visima vya Kabatini na Baharini, na pampu inakula stima. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi nyingi. Meno yetu ni ushahidi. Maji mazuri yakishapatikana, inauma kuyaona yakiteremka moja kwa moja hadi mitambo ya majitaka ya Njoro au ya Mji wa Zamani.

Kwanza hakikisha kwamba kweli kuna uvujaji. Usiku funga mifereji yote, andika namba za mita, kisha soma tena asubuhi kabla mtu hajagusa maji. Mwenye tangi juu ya paa asubiri lijae kwanza. Nasema usiku kwa sababu watu wakilala presha ya bomba hupanda, na choo kilichonyamaza mchana huanza kuvuja.

Sasa fungua kifuniko cha tangi la choo. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure, maana mtu hukimbia dukani kununua raba kabla ya kujua ugonjwa. Magonjwa ni mawili. Tazama lile bomba fupi lililosimama ndani, la kutoa maji yakizidi. Maji yakifika mdomoni mwake na kuingia, kosa liko kwenye vali ya boya. Katika matangi ya zamani bomba hilo hutokeza nje ya ukuta, kwa hivyo utaona tone nje ya nyumba. Lakini maji yakiwa chini ya mdomo huo na bakuli bado linatiririka, kosa liko kwenye raba inayoziba tundu la chini. Ukiwa na shaka, mimina strungi iliyopoa ndani ya tangi na usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, na maji hayajafika mdomo wa bomba, raba imechoka.

Kabla ya kugusa chochote, funga koki ndogo iliyo chini ya tangi, kisha vuta maji.

Boya kwanza. Litikise karibu na sikio. Likiwa na maji ndani, nunua jingine. Likiwa zima, pinda mkono wake wa shaba kidogo kuelekea chini, au kama ni la plastiki zungusha skrubu yake, hadi maji yakome upana wa vidole viwili chini ya mdomo wa bomba. Bado linapitisha? Fungua vali. Baada ya mgao, maji yanaporudi huja na mchanga na kutu, na chembe moja tu huzuia washa kukaa sawa. Safisha, au badilisha washa.

Raba nayo: angalia mnyororo wake. Ukiwa mfupi mno huiacha imeinuka. Ukiwa mrefu mno hunaswa chini yake. Futa mahali inapokalia. Ikiwa imekauka au inateleza kama sabuni, ing'oe na uende nayo dukani, kwa maana saizi ni nyingi. Vyoo vya kubonyeza kitufe vina pete ya raba chini ya mtambo wa katikati. Katika aina nyingi mtambo huo huzungushwa kidogo na kutoka. Vidonge vya klorini msiweke ndani ya tangi, vinakula raba. Na wale wanaotumbukiza tofali ili kupunguza maji, waweke chupa iliyojaa maji. Tofali humomonyoka na kuziba kila kitu.

Sasa ploti zenye mita moja, ambako bili huleta ugomvi kila mwezi. Msianze kumshuku mwenye watoto wengi. Chagueni jioni moja, kila nyumba ijaribu strungi, halafu mtumieni mwenye nyumba ujumbe wenye tarehe, namba za mita na vyumba vilivyopatikana vinavuja.

Tangi likiwa na ufa, au sakafu ikilowa chini ya choo, hapo muite fundi.

Hapa mezani nina tangi kuukuu, boya na raba mbili. Sogeeni, kila mtu afungue kwa mkono wake.