Anayetumwa na Anayetuma



Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Katika vita dhidi ya dawa za kulevya, mtego huo mara nyingi hunasa watoto, na waliowatuma hubaki nje wakihesabu fedha.

Mfano ulio wazi unatoka Uingereza. Magenge ya miji mikubwa kama London na Liverpool hutuma watoto kupeleka heroini na kokeini katika miji midogo ya mikoani. Wateja hupiga simu inayoshikwa na wakubwa wa genge. Mtoto ndiye apandaye treni na mzigo. Kwanza hupewa viatu, simu na sifa. Kisha hutokea akaporwa mzigo njiani na watu waliopangwa na genge lenyewe, akaambiwa sasa ana deni. Tangu hapo haongozwi tena na tamaa, bali na hofu.

Polisi wakimkamata, humkuta na ushahidi wote mfukoni. Aliyemtuma hakutwi na kitu. Je, mtoto akifungwa, haki imetendeka?

Mwaka 2015 Bunge la Uingereza lilitunga sheria dhidi ya utumwa wa kisasa. Kifungu chake cha 45, kinachotumika England na Wales, kinampa utetezi mtu aliyetenda kosa kwa sababu ya kutumikishwa. Kwa mtu mzima, sharti iwe alilazimishwa na hakuwa na njia nyingine ya maana. Kwa aliye chini ya miaka 18, suala la kulazimishwa haliulizwi. Yatosha kwamba kosa lilitokana moja kwa moja na kutumikishwa, na kwamba mtu mwenye busara, wa umri na hali kama yake, naye angelitenda. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba mshtakiwa akishaibua hoja hiyo kwa ushahidi, ni wajibu wa upande wa mashtaka kuibomoa. Hata hivyo sheria hiyo si kichaka cha wahalifu: mauaji, utekaji nyara na makosa mengine mengi mazito hayamo.

Umuhimu wa jambo hili ulidhihirika katika kesi ya vijana wawili wa Kivietinamu, waliokamatwa mwaka 2009 kwa bangi iliyolimwa kwa siri ndani ya nyumba. Walikiri makosa, wakafungwa. Februari 2021, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Uingereza ilikiuka haki zao, kwa kuwa walishtakiwa kabla ya kuchunguzwa kama walikuwa wahanga wa biashara ya binadamu, ingawa dalili zilikuwapo.

Funzo ni hili: utetezi usioibuliwa haumwokoi mtu. Mtoto mwenye hofu hasemi. Hukiri haraka ili yaishe. Wanaoona mapema ni wengine: mwalimu anayegundua utoro wa ghafla, simu ya pili na fedha zisizo na asili; ofisa wa ustawi wa jamii anayesikia kwamba mtoto hakulala nyumbani siku tatu. Yakiandikwa siku hiyo hiyo na kufikishwa panapostahili, maelezo yao yaweza kuwa ngao mahakamani. Yakiachwa, mtoto ataingia gerezani, na genge litamtafuta mwingine darasani humo humo.