Pesa za Matembezi ya Mashua Zipitie Wapi?

Haya ni maelezo ya ofisa wa maendeleo ya jamii kwa viongozi wa vikundi vya Garsen wanaopanga matembezi ya hisani.

 

Mmeamua kutembea kwa miguu kutoka Minjila hadi Garsen mjini, mchange pesa za mashua yenye injini na jaketi za kuokoa maisha, ili watoto wa ng'ambo wavuke kwenda shule mto unapofura. Juu ya haja yenyewe sina la kuongeza. Kila mmoja hapa anakumbuka Aprili 2024, barabara ya Garissa ilipokatika pale Mororo na boti iliyojaa abiria ikazama Kona Punda. Kutembea nako mnajua kuliko mimi. Nimeitwa kwa swali moja tu: pesa zipitie wapi?

Kwanza niungame kosa langu. Mafuriko ya mwisho wa 2019 tulichangisha za chakula na maturubali kwa familia zilizohamia mwinukoni. Mimi ndiye niliyesema tutumie laini ya mweka hazina wetu, kwa sababu ni mwaminifu na kila mtu ana nambari yake. Mwaminifu ni kweli, hadi leo. Lakini alikuwa na deni la Fuliza, na Fuliza haiulizi pesa zilizoingia ni za nani. Michango ya kwanza yote ikalipa deni. Mwenyewe hakujua mpaka jioni tulipojumlisha hesabu haikuingiana. Aliuza mbuzi wawili kurudisha, na bado wapo waliosema amekula. Siku hizi akisikia harambee hupita njia nyingine. Si yeye aliyekosea, ni mimi.

Kwa hiyo laini ya mtu binafsi naiondoa mezani. Hata asiye na deni, akaunti ya M-Pesa ya mtu haibebi zaidi ya shilingi 500,000 kwa wakati mmoja, na ndani yake mna pesa zake za nyumbani. Simu ikianguka mtoni, mchango wote unangoja laini irudishwe.

Nambari ya Paybill ya kikundi ni afadhali sana. Inataka kikundi kiwe kimesajiliwa, kiwe na akaunti ya benki na karatasi zake. Jina linalomjia mchangiaji kwenye simu ni la kikundi, si la mtu. Mama wa Ngao mwenye kabambe anaweza kutuma shilingi 50 bila intaneti. Hilo msilidharau, kwa maana wengi watakaochangia matembezi yenu ni watu wa hapa hapa, na mtandao wetu mnaujua.

Kisha kuna majukwaa ya kuchangisha mtandaoni. La kwetu Kenya linalojulikana ni M-Changa. Mnafungua ukurasa wa changisho, mnaeleza lengo, watu wanachangia kwa M-Pesa au kwa kadi ya benki, na kila mchango unaandikwa. Ninachokipenda ni kwamba mnaweza kuteua waweka hazina zaidi ya mmoja wa kuidhinisha pesa zinapotolewa. Linki yake mnaitupa kwenye WhatsApp, na jamaa aliye Muscat au Minneapolis anachanga kwa kadi bila kumtafuta mtu.

Vijana wameniuliza habari za GoFundMe, kwa kuwa ndiyo wanayoiona kwenye simu. Jina ni kubwa, lakini Kenya haimo katika nchi ambazo mwenye changisho anaweza kutolea pesa. Italazimu jamaa aliye Marekani au Uingereza aifungue kwa jina lake, pesa ziingie benki yake, kisha azitume huku. Hapo mmerudi kwenye laini ya mtu binafsi, ila sasa yuko ng'ambo na huenda akaulizwa na benki au na watu wa kodi pesa hizi ni za nini. JustGiving nayo watu huitumia sana kwa mbio na matembezi ya Uingereza, na imejengwa hasa kwa mashirika ya hisani yaliyosajiliwa. GlobalGiving hupokea mashirika ya nchi nyingi, lakini huyachunguza kwanza, na uchunguzi haumalizwi kwa wiki mbili. Kwa kikundi chenye matembezi mwezi ujao, mimi siwashauri.

Popote mtakapochagua, ulizeni makato kabla ya kuzindua. Jukwaa likikata shilingi 5 katika kila 100, mkichanga 300,000 mtapokea 285,000, na huenda kuna ada nyingine ya kutolea. Waambieni watu mapema. Mchangiaji hakasirikii ada. Anakasirikia kuiona baadaye. Ulizeni pia lengo lisipofika inakuwaje. Yapo majukwaa ambayo hurudishia watu pesa zao, na nusu ya mashua haivushi mtoto.

Kuna jambo la matembezi hasa. Mwaka 2012 Zack Kimotho aliondoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu, akielekea Afrika Kusini, kuchangia kituo cha matibabu ya walioumia uti wa mgongo. Lengo lilikuwa shilingi milioni 250, na Wakenya waliombwa wachange ili arudi nyumbani. Watu walichanga wakiwa wanamfuata njiani. Nanyi kila anayetembea awe na jamaa zake wanaomdhamini, tuseme shilingi kadhaa kwa kila kilomita, lakini pesa zote ziingie mahali pamoja. Mchangiaji aandike jina la mtembeaji kwenye sehemu ya akaunti ya Paybill. Mkiruhusu kila kijana akusanye kwa simu yake, jioni mtakuwa na hesabu 40 na ugomvi 40.

Sheria sasa, kwa kifupi. Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106, inataka kibali kabla ya kuomba umma pesa, na mtandao haubadilishi hilo. Anzeni kwa chifu na naibu kamishna wa kaunti ndogo. Usajili wa kikundi uko chini ya sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022, inayotaka wanachama wasiopungua 10. Na picha za watoto kwenye mtumbwi, najua zinavuta machozi, lakini msiweke sura ya mtoto mtandaoni bila idhini ya mzazi. Sheria ya data ya 2019 inamlinda.

Mkiniuliza mimi: Paybill ya kikundi iwe ndiyo nguzo, na ukurasa wa M-Changa kwa walio mbali. Matumizi ya kila wiki yabandikwe ukutani pale sokoni, si kwenye WhatsApp pekee, maana nusu ya waliochanga hawana WhatsApp.

Cheti cha kikundi chenu nimekiona, na muda wake umekwisha. Kileteni ofisini Jumatatu kabla ya kwenda benki, na aje mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wote watatu na vitambulisho.