Kidole, funguo na pikipiki za chama: maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa wanachama, Kakontwe



Sisi wa komite ya usafiri tuliombwa tuseme juu ya mashini ya kusoma kidole. Sababu mnaijua. Pikipiki moja ya chama iliibiwa usiku. Asubuhi tulikuta mnyororo chini na kadenasi imekatwa. Pikipiki ile ilikuwa inalisha nyumba tatu. Mfadhili mmoja akatuuliza kwa wema: kwa nini hamuweki mashini ya kidole, ili mwivi ashindwe kuiwasha? Swali ni zuri. Tumeulizia, na jibu letu ni hili.

Kazi ya mashini yenyewe si ya uchawi. Ni kiboksi kidogo kinachofungwa kwenye nyaya za kuwashia. Siku ya kwanza dereva anaweka kidole, mashini inasoma mistari ya ngozi na kuitunza kama hesabu. Siku zingine inalinganisha. Ikimtambua, umeme unapita na motere inawaka. Isipomtambua, inanyamaza. Mwivi mwenye funguo ya kuchonga atashindwa. Faida hiyo hatuikatai.

Lakini tuangalie mikono yetu. Kakontwe ni mahali pa mawe ya chokaa. Wengi wetu tuliporudi, kazi tuliyopata ni kupasua mawe, kufyatua matofali, kuchanganya simenti, kuchimba. Chokaa na simenti vinakula ngozi, mistari inafutika. Tangu mwaka wa 2005 mashini zinachukua vidole vyetu kwa kadi ya mchaguzi, na kati yetu wako waliopangusa mikono mara tano wakisema: «Masini inanikatala!» Pale unajaribu kidole kingine, karani anakungoja. Lakini dereva aliye kwenye barabara ya Lubumbashi usiku, mvua inanyesha, mikono ina matope, na mgonjwa amekaa nyuma, nani atamngoja?

Jambo la pili ni zito zaidi. Mwaka uleule wa 2005, kule Malaysia, wezi wenye mapanga walimkamata mwenye Mercedes iliyowekwa mashini ya kidole. Walimlazimisha aiwashe. Baadaye ikazimika, wakashindwa kuiwasha tena. Basi walimkata ncha ya kidole, wakaenda nayo. Ndugu zetu, funguo dereva anaweza kuitupa chini akakimbia. Kidole hawezi kukitupa. Tena funguo ikipotea tunabadilisha kufuli, lakini kidole hakibadilishwi mpaka kaburini.

Njo maana tunaleta mapendekezo haya, mkutano uyapigie kura:

1. Tusiweke mashini ya kidole kwenye pikipiki za chama. Kama siku moja gari la chama litakuja nayo, basi lazima kuwe na njia nyingine ya kuliwasha.

2. Kila pikipiki iwekwe swichi ya kukata umeme, iliyofichwa. Madereva wake na fundi mmoja tu ndio wajue mahali ilipo.

3. Namba ya shasi na namba ya motere ziandikwe kwenye kitabu cha chama, pamoja na foto, ili pikipiki ikiibiwa tupeleke polisi na kwa mafundi habari kamili siku ileile.

4. Usiku pikipiki zilale pamoja, ndani ya lupango moja, na mlinzi anayelipwa. Mnyororo peke yake tumeuona.

5. Dereva akitishwa kwa silaha, aache pikipiki. Chama hakitamdai hata franka moja. Jambo hili tunaomba liandikwe kwenye sheria zetu leo.

Kidole tutaendelea kukitumia pale tulipokizoea: kwenye kitabu, kwa wino, wakati dereva anapokea pikipiki, mbele ya mashahidi wawili. Pale kidole kinasema mtu ameahidi, na watu wamemwona akiahidi.

Ndugu wafadhili, feza mliyotaka kutoa kwa mashini, tunaomba mkikubali iende kwa lupango na mlinzi. Pikipiki ikipotea, tutalia, halafu tutachanga tena. Kijana wetu akirudi bila mkono, hakuna mchango utakaomrudishia.