KOMPYUTA ZA KUAZIMA NA MSHAHARA WA KARANI

(Haya ni maneno yaliyosemwa na fundi mmoja wa kompyuta wa chuo kikuu katika mkutano wa tawi. Tumeyaandika kama alivyoyasema, ila jina la chuo tumeliondoa.)



Mliniita niwaeleze habari za zile laptopu ndogo wanazoazima wanafunzi pale maktaba. Naona wengine wameanza kutazama saa, wakidhani nitaleta mambo ya mafundi tu. Ngojeni kidogo. Jambo hili limekwisha kuingia katika karatasi ya mshahara ya mwenzetu mmoja, na laweza kuingia katika yako.

Mashine zile zilipoletwa, watu wakubwa walipiga picha, kisha zikawekwa kwenye kabati nyuma ya meza ya karani pamoja na daftari moja. Hazikuwa na namba. Fundi hakuulizwa neno. Mwezi wa tatu mashine moja ikakosekana. Daftari lilisema imerudi, kabati likasema haimo. Basi karani akaitwa, akapewa karatasi atie sahihi, na mwisho wa mwezi akakatwa. Yeye ni mama anayesomesha watoto watatu. Alipouliza kosa lake akaambiwa, "Wewe ndiwe uliyekuwa na ufunguo."

Baada ya hapo nikaambiwa nizitengeneze upya. Nataka mjue nilivyofanya, maana mashine iliyotengenezwa vema hujishuhudia yenyewe, karani asilazimike kuapa.

Kwanza namba. Kila mashine ilichorwa namba kwenye chuma, si karatasi ya kubandika inayobanduliwa kwa kucha. Namba hiyo hiyo iko kwenye chaja, kwenye mfuko, na ndiyo jina la kompyuta yenyewe unapoiwasha. Chaja, ndugu zangu, ndiyo hupotea zaidi ya yote, na zote zafanana. Mwanafunzi huja na chaja ya rafiki yake akasema ndiyo hii.

Pili, programu. Mashine hizi zina nafasi ya GB 32 tu. Windows 10 ilikula sehemu kubwa ya nafasi hiyo, na kila sasisho kubwa lilikosa mahali pa kukaa. Tena msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 yataka GB 64. Kwa hiyo niliweka Linux na LibreOffice, ambazo hazilipiwi ada. Niliamuru pia kila kazi ihifadhiwe kwa namna ya Word, kwa sababu mwalimu akiletewa faili asiyoweza kuifungua, mwanafunzi ndiye anayekosa alama. Nilitengeneza mashine moja mpaka nikaridhika nayo, kisha nikainakili kwenye nyingine zote kwa Clonezilla. Kuzitengeneza moja moja kwa mkono ni kupoteza wiki, na hazitafanana.

Mwanafunzi hana ruhusa ya kuongeza wala kuondoa programu. Nimefunga pia mlango wa chini kwa neno la siri, asiweze kuiwasha kwa flashi yake na kuweka mambo mengine.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa nilikosea mwenyewe. Mwanzoni niliziweka zijisafishe kila zinapozimwa. Niliona nimefanya akili sana. Siku ya nne alikuja kijana mmoja, betri ilimwishia usiku akiwa ameandika kurasa 11, na alipoiwasha tena hakukuta kitu. Hakunitukana. Alikaa pale kwenye ngazi tu. Kijana huyo baba yake ni mfanyi kazi kama sisi, yeye mwenyewe aishi kwa mkopo wa HELB, na laptopu hana, ndiyo maana aliazima. Nikabadilisha siku ile ile. Sasa mashine husafishwa inaporudishwa mezani, mbele ya mwanafunzi, baada ya kuulizwa kama amekwisha kuchukua kazi yake.

Lakini kusafisha ni lazima, msije mkakuacha. Mwanafunzi huingia intaneti ya eduroam, ambayo hapa Kenya husimamiwa na KENET, kwa jina lake na neno lake la siri. Mashine hulikumbuka. Isiposafishwa, anayeazima kesho ataingia kwa jina la mwenziwe, na akifanya ubaya ataulizwa asiyejua. Tena barua na picha za mtu zikibaki humo, chuo chaweza kuulizwa kwa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019.

Juu ya betri nitasema machache. Mashine za akiba zisikae miezi zimejaa pomoni wala zimekauka. Nusu hivi yatosha. Kabati la kuchajia liwe na matundu ya hewa. Ukiona mgongo wa mashine umevimba, usiikandamize wala usiitoboe. Iondoe, iite fundi. Karani mmoja aliwekea kitabu kizito juu ili ilale sawa! Nashukuru Mungu haikuwaka.

Basi turudi kwenye mshahara. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yampa mwajiri ruhusa kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea au kuharibika kwa kosa la makusudi la mfanyi kazi. Shikeni neno hilo, makusudi. Kuwa na ufunguo si kosa la makusudi. Tena makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara. Mwenzetu hakuyajua haya alipotia sahihi, wala hakuna aliyemwambia apite kwanza kwa katibu wa tawi.

Kwa upande wa mwanafunzi pia tuwe waangalifu. Nilisikia mwanachama mmoja akisema, "Alipe yeye mashine nzima, sisi tusiguswe." Sikubali. Kioo kilichopasuka si mashine nzima, na kijana akizuiliwa matokeo yake kwa sababu ya kioo, ni mzazi atakayeuza mbuzi. Kwa hiyo tumeweka karatasi ya kutoa na kupokea. Karani na mwanafunzi huifungua mashine pamoja, hutazama kioo, vibonye na chaja, huandika namba na saa, wote wawili hutia sahihi, na kila mmoja hubaki na nakala. Tangu hapo hakuna ubishi uliopita dakika tano.

Jambo moja bado halijakwisha. Kuzisasisha na kuzikagua mashine zote hunichukua Jumamosi nzima, na karani hukaa nami kufungua kabati. Saa hizo hazijaandikwa popote. Mkuu wangu asema ni "kujitolea." Mimi sikujitolea, niliagizwa.

Bwana Mwenyekiti, nimekuja na nakala ya karatasi ile ya makato, na orodha ya Jumamosi zetu tangu Januari. Mwenzetu amekubali zisomwe. Naomba kamati izipokee leo, ziwe mezani tutakapokutana na mwajiri. Na kama yuko mwingine hapa aliyekatwa kwa chombo cha kazi kilichopotea, hata kama ni ufagio, amwone katibu kabla hajaondoka.