Aliyepigwa na Radi Ashikwe Mara Moja



Kwetu kando ya Ziwa Victoria radi ni nyingi, na bado mtu akipigwa watu humzunguka tu wakiogopa kumgusa, eti ana umeme. Hana. Radi imeshapita. Mshikeni! Ila kama bado kunanguruma, mtoeni kwanza chini ya mti au uwanjani.

Wakipigwa wengi, anayelia kwa kawaida hupona. Anzeni na aliyenyamaza kama maiti. Mara nyingi moyo wake huanza tena wenyewe lakini pumzi huchelewa, na moyo ukikosa hewa husimama mara ya pili. Mbonyezeni katikati ya kifua mara 30, kwa nguvu na haraka, kisha mbaneni pua mumpulizie pumzi mbili mdomoni. Rudieni. Msiache mpaka apumue au mhudumu wa afya awapokee. Mwingine atafute gari.

Mikono hii inataka mazoezi. Katika harambee ya leo tunaomba fedha za masanamu ya kujifunzia. Waanze walimu na vijana wa bodaboda, maana ndio hufika mapema.